Matembezi ya Kiyidishi Paris: nyota nne kwa tano, na kisigino changu ni shahidi

Nilianza kuandika hii riviu siku ileile, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, kwa hiyo mkiona mahali nimekuwa mkali mjue ni kisigino kinaongea. Tangazo lilisema masaa mawili. Tumetembea masaa manne kasoro robo, tumepanda mlima, tumepanda metro, na choo hakuna. Lakini nyota nne nawapa, na ile ya tano ntawaambia imepotelea wapi.

Kwanza watu wa nyumbani mtaniuliza wewe mtoto wa Tanga na Wayahudi wa Paris wapi na wapi. Ni hivi. Mimi nasukwa pale Château d'Eau, mnaoijua Paris mnajua, ukimaliza tu ngazi za metro laini ya nne vijana wanakurukia kama wapiga debe wa stendi, dada nywele, dada nywele, mmoja anakuvuta mkono huu mwingine ule, saluni za Waafrika zimepangana pale mpaka hujui pa kuangalia. Msusi wangu ni dada wa Bukavu. Sasa siku moja kichwa nusu kimesukwa nusu bado, nimejifunga kitambaa nikatoka kutafuta maji ya kunywa, nikapita namba 29 rue du Château-d'Eau nikaona kibao kimeandikwa nyumba ya utamaduni wa Kiyidishi, maktaba ya Medem. Hatua chache tu kutoka kwenye rasta na mafuta ya nazi! Nikarudi nikamuuliza msusi, akaniambia "Yaya, miye niko napita pale kila siku, sijue ni ya ba nani." Basi usiku nikaingia mtandaoni kutafuta ni ya ba nani, ndo nikakutana na tangazo la haya matembezi, waandaaji ni kikundi kidogo tu cha watu wenye mapenzi yao, yuro 18, Jumapili saa nane mchana, "Paris ya Kiyidishi ya mrengo wa kushoto, 1918 mpaka 1939". Nikalipa bila kufikiri sana.

Kwa wasiojua, Kiyidishi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mwili wake Kijerumani cha zamani, ndani mna Kiebrania na maneno ya Kislavi, na inaandikwa kwa herufi za Kiebrania kutoka kulia. Kabla ya vita kuu ya pili walikuwa wanaiongea watu kama milioni kumi hivi. Na wasomi wao wenyewe kwa miaka mingi walikuwa wanaidharau, wanaita jagoni, lugha ya jikoni, eti mchanganyiko. Nyie hamjawahi kusikia mtu anakwambia Kiswahili si lugha ni Kiarabu kilichochanganywa? Mimi nimeambiwa hapahapa Paris, na msomi. Kwa hiyo nilipofika pale kwenye miadi nilikuwa nishakuwa upande wao kabla hata mtu hajafungua mdomo.

Muongozaji ni mama mtu mzima, mfupi, koti la mvua la bluu, faili la plastiki kwapani. Anaongea Kifaransa na Kiingereza kwa zamu. Alikuwa na kimaikrofoni cha kubana kwenye kola, kikafa ndani ya dakika kumi, na sisi tulikuwa watu 26. Ishirini na sita! Kwenye kinjia cha Paris chenye pikipiki! Ukikaa nyuma unasikia tarehe tu, unasikia "1929" halafu basi linapita. Nikajifunza haraka, nikawa nabaki mbele kama mtoto wa mwalimu.

Kituo cha kwanza ni hapohapo kwenye kile kibao. Maktaba ya Medem ilianzishwa 1929 na wahamiaji wafuasi wa Bund, na Bund ni chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi, wajamaa hasa, waliosema sisi hatuhami kwenda popote, tunapigania haki zetu hapahapa tulipozaliwa na kwa lugha yetu hii ya Kiyidishi. Medem ni jina la kiongozi wao Vladimir Medem aliyefia New York 1923. Angalieni hapo tu, chama kimezaliwa Vilna (leo Vilnius, Lithuania), kiongozi kafia Amerika, maktaba ipo Paris, na vitabu vimechapwa Warszawa. Mama akasema mtazoea, leo hakuna hadithi itakayobaki nchi moja. Ndani hatukuingia, haimo kwenye matembezi, ukitaka unarudi mwenyewe. Hilo nalo wangeandika kwenye tangazo.

Kutoka pale tukateremka mpaka rue de Lancry. Hapa palikuwa na ukumbi, wanauita Lancry tu, ambako miaka ile mafundi cherehani na washona kofia na wachonga samani walikuwa wanakuja jioni, leo mkutano wa chama cha wafanyakazi, kesho mchezo wa kuigiza, keshokutwa mhadhara wa mambo ya fasihi. Mama akatoa hadithi ya Kultur-Lige, na hii nawapa kama nilivyoielewa. 1918 kule Kiev, katikati ya mapinduzi na vita na mauaji ya Wayahudi, watu wakaunda jumuiya ya kulea kila kitu cha Kiyidishi, shule, vitabu vya watoto, tamthilia, uchoraji, mpaka El Lissitzky, yule mchoraji ambaye leo picha zake zipo kwenye makumbusho makubwa duniani, alikuwa anawachorea vitabu. Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, walipoishika ile jumuiya mwisho wa 1920 wengine wakachukua wazo lao wakahama nalo kwenda Warszawa, na jina likasambaa, Riga, Berlin, 1922 likafika Paris. Halafu likatokea lile linalotokea kwenye kila chama chetu cha ughaibuni, wacheni nicheke kidogo. Mpaka katikati ya miaka ya 1920 wakomunisti wameshika uongozi wa Kultur-Lige ya Paris, watu wa Bund wakasusa wakatoka, wakaenda kuanzisha klabu yao, na kwenye kususa huko ndo maktaba ya Medem ikapatikana. Yaani maktaba kubwa kuliko zote za Kiyidishi Ulaya Magharibi ni tunda la watu kununiana.

Hapo nikamuelewa huyu mama. Kila mahali anaposimama anaonyesha vitu viwili kwa pamoja, walivyosaidiana na walivyogombana. Wale wa kushoto walikuwa na dunia yao nzima: gazeti la kila siku New York, Frayhayt, tangu 1922, na gazeti la kila siku Paris, Naye Prese, lililoanza tarehe 1 Januari 1934, na mwaka huohuo kundi la maigizo la wafanyakazi wa Paris, linaitwa PYAT, ndugu yake Artef ya New York iliyoanzishwa 1925, na Buenos Aires nako 1932 wameanzisha kundi lao, IFT. Shairi likiandikwa Moscow linasomwa Warszawa, tamthilia ikiandikwa New York inachezwa Lancry na mshona suruali ambaye amemaliza kazi saa mbili usiku. Serikali hawana, ubalozi hawana, pasi za wengi wao ni za mashaka, lakini kitu kinafika. Nani analipa? Wao wenyewe, michango, tiketi, bahati nasibu, kapu linapitishwa.

Tukasogea mpaka bustani ya Square du Temple maana wazee walitaka kukaa, na hapo ndo pamenipa raha ya siku nzima. Mama akafungua faili. Akatoa karatasi mbili, kwenye kila moja neno moja tu kwa herufi kubwa. Ya kwanza herufi tatu, ya pili herufi nne. Akauliza nani anajua tofauti. Kimya. Akasema ni neno lilelile, emes, maana yake ukweli, limetoka Kiebrania. Lile la herufi tatu limeandikwa kama lilivyo kwenye vitabu vitakatifu, alef, mem, tav, usipofundishwa Kiebrania huwezi kulisoma kwa kulitazama. Lile la herufi nne limeandikwa kama linavyosikika mdomoni. Wasovieti walisema lugha ni ya wafanyakazi, mfanyakazi hana muda wa kwenda kwa rabi kujifunza tahajia, andika unachosikia, kwa hiyo gazeti la Moscow likaitwa Der Emes na kichwani likaandikwa kwa herufi nne. Kule Vilna taasisi ya YIVO, iliyoanzishwa 1925, ikasema hapana, maneno ya Kiebrania yanabaki na sura yake, na kanuni zao wakazitoa zimechapwa 1937. Kwa hiyo neno "ukweli" ukiliona tu limeandikwaje, mara nyingi ushajua mwandishi anasimama upande gani wa dunia.

Jamani mimi nilibaki nimeshika ile karatasi watu wameshainuka. Babu yangu mzaa mama alikuwa anaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zipo mpaka leo kwenye sanduku la bati, na nakumbuka mjomba akinionyesha, angalia, babu akiandika sahani anaanza na swadi, akiandika saa anaanza na sini, kwa sababu Waarabu ndo wanavyoandika. Mimi na nyie tunaandika s tu, sahani, saa, sabuni, basi, hatujui kwamba kuna kitu kimekatwa hapo. Na cha ajabu ni miaka ileile! 1928 Mombasa wamekaa kikao wamechagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi, na kule Moscow na Vilna watu wanarushiana maneno kuhusu herufi ya kuandikia "ukweli". Tofauti ni kwamba za kwetu waliamua maofisa wa kikoloni na wamisionari mezani, wao waligombana wenyewe kwa wenyewe. Nilimwambia mama, akaniomba nimtajie yale maneno, akaandika nyuma ya faili sahani na saa. Hiyo peke yake ni nyota moja na nusu.

Halafu rue Vieille-du-Temple namba 110. Jengo la kawaida, unapita bila kugeuka. Wakati Wajerumani wameshika Paris vitabu vya Medem vilifichwa kwenye ghala la chini ya jengo hili na vikapona. Mama hakusema mengi hapa na sikutaka aseme mengi.

Kutoka pale ni kupanda rue du Faubourg du Temple mpaka Belleville, na hapa ndo kisigino kilianza kesi. Kwenye mpando kuna harufu ya mahindi ya kuchoma na kuku wa kukaanga, Waarabu, Wachina, Waafrika, na mama anasema miaka ya 1930 hapa ungesikia Kiyidishi kila dirisha, na cherehani, maana wengi walishonea chumbani, mume mke na watoto, wanalipwa kwa kipande. Na kila mji waliotoka ulikuwa na chama chake Paris, wanaita landsmanshaft. Akahangaika kuelezea, mfuko wa msaada, udugu wa mji mmoja, mimi nikamwambia mama hicho sisi tunacho, kinaitwa chama cha kufa na kuzikana. Kumbe ndo chenyewe kabisa, mpaka makaburi walinunua kwa pamoja, yapo mpaka leo pale makaburi ya Bagneux, kila chama na kaburi lake.

Hapo Belleville, tumesimama chini ya banda la duka maana mvua imeanza, akatupa hadithi ya fundi saa. Hii nairefusha kwa makusudi. Sholem Schwarzbard, fundi saa, anakisti (wale wasiotaka serikali yoyote), mshairi wa Kiyidishi, alikuwa na kaduka boulevard de Ménilmontant hapo chini. Ukoo wake uliuawa kwa wingi kwenye yale mauaji ya Wayahudi kule Ukraine. Tarehe 25 Mei 1926 akamkuta Symon Petliura, aliyekuwa kiongozi wa Ukraine wakati ule, amehamia Paris, anatembea rue Racine, akampiga risasi, hakukimbia, akasubiri polisi. Oktoba 1927 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Hiyo nusu ya hadithi wengi wanaijua na mpaka leo ina ubishi mkali, Waukraine wengi wanamtazama Petliura kwa jicho jingine kabisa na mama alilisema hilo wazi bila kuzunguka.

Nusu ya pili ndo iliyonishika. Huyu mtu miaka kumi baadaye alikuwa anauza ensaiklopidia. Kweli! Kundi la wasomi, wengi wajamaa waliokimbia Urusi ya Wabolsheviki, walikuwa wameamua kutengeneza ensaiklopidia kubwa ya Kiyidishi, elimu yote ya dunia, kemia, jiografia, historia, kwa lugha ya wale washona suruali. Wameanza Berlin karibu na 1930, mpango ni majuzuu kumi. 1933 Hitler anaingia, wanafungasha karatasi wanahamia Paris. Juzuu la kwanza linatoka Paris 1934. 1940 Wajerumani wanaingia Paris, wanafungasha tena, New York. Juzuu la mwisho limetoka 1966, ni la 12, na kadiri miaka inavyokwenda dunia inapungua humo ndani na Wayahudi wenyewe wanaongezeka, kwa sababu ilibidi mtu aandike kilichowapata. Sasa kazi kama hiyo inataka wanunuzi, na wanunuzi wametawanyika, kwa hiyo Schwarzbard akapanda meli kwenda Afrika Kusini kutafuta hela na wateja miongoni mwa Wayahudi wa Lithuania waliohamia kule. Akafia Cape Town tarehe 3 Machi 1938. Mtu ametoka kumuua kiongozi wa watu Paris, akafia Afrika akitafutia ensaiklopidia wanunuzi. Mimi ningekaa pale nisikie hii tu nikarudi nyumbani.

Na kama mnajiuliza Afrika Kusini iliingiaje, iliingia sana, Johannesburg kulikuwa na klabu za wafanyakazi za Kiyidishi na tawi la kuchangia makazi ya Wayahudi kule Urusi ya Kisovieti. Joe Slovo, huyuhuyu wa ANC aliyekuwepo kwenye mkutano wa ANC wa Morogoro 1969, alizaliwa Obeliai, Lithuania, lugha yake ya kwanza Kiyidishi. Sikuwa nimewahi kuviweka hivyo vitu viwili kwenye sentensi moja.

Kabla hatujaingia metro tulipita shule, ukutani kibao cheusi, maandishi ya dhahabu, ukumbusho wa wanafunzi wa Kiyahudi waliochukuliwa. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wa Ufaransa walikamata watu 13,152 Paris na vitongoji, zaidi ya 4,000 ni watoto. Tulisimama dakika moja, hakuna aliyepiga picha.

Kituo cha mwisho ni mbali, mnapanda laini ya pili kutoka Belleville mpaka Ternes (nauli juu yako, hilo pia halikuandikwa) mnatokea avenue de Wagram, mtaa wa watu wenye hela. Salle Wagram. Siku hiyo kulikuwa na shughuli ya mtu, vijana wanashusha viti vya plastiki na maspika. Hapa Septemba 1937 ulifunguliwa mkutano wa dunia wa utamaduni wa Kiyidishi, wajumbe zaidi ya 100 kutoka nchi zaidi ya 20, na siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa watu maelfu. Kwa nini 1937? Kwa sababu tangu 1935 Moscow ilikuwa imebadilisha msimamo, wakomunisti wameambiwa acheni kuwatukana wajamaa wengine, unganeni dhidi ya ufashisti, na Ufaransa yenyewe 1936 imepata serikali ya muungano wa kushoto chini ya Léon Blum, Myahudi na mjamaa. Hispania vita vinawaka, na miezi michache baada ya mkutano vijana wa Kiyidishi walioenda kupigana kule wakapewa kikosi chao, kampuni ya Botwin, wakawa na kigazeti chao cha Kiyidishi hukohuko mstari wa mbele. Palepale Paris kuna maonyesho ya dunia, banda la Ujerumani na banda la Sovieti yanatazamana kama majogoo, na kwenye banda la Hispania imetundikwa ile picha ya Picasso, Guernica. Hali ya hewa ilikuwa hiyo.

Hata watu waliokuwa wamenuna wakarudi. H. Leivick, mshairi wa New York, alikuwa ameacha gazeti la Frayhayt 1929 kwa hasira baada ya jinsi lilivyoandika yale mauaji ya Wayahudi kule Hebroni, Palestina. Miaka minane baadaye yeye na Joseph Opatoshu, mwandishi wa riwaya wa New York, wamo kwenye meza moja na wakomunisti Paris, wanaunda chama cha dunia kinaitwa YKUF. Bund ya Poland ikakataa kuja, ikasema huo ni mtego wa wakomunisti. Mama akasema, na hapa sauti ilishuka mpaka ikabidi tumsogelee, kuna kundi jingine halikuja, Wasovieti. Ndo wenye shule nyingi za Kiyidishi, ndo wenye matbaa za serikali, ndo kila mtu ukumbini alikuwa anawaona kaka wakubwa, na viti vyao vitupu. Mwezi huohuo wa Septemba 1937 kule Minsk walimkamata Moyshe Kulbak, mshairi ambaye Vilna ilikuwa inampenda mno na aliyehamia Minsk mwenyewe kwa mapenzi yake 1928. Mwisho wa Oktoba akapigwa risasi. Wagram wanapiga makofi, Kulbak yuko selo.

Mzee mmoja wa kwenye kundi letu akauliza, walijua? Mama akasema wengine hawakujua, wengine hawakutaka kujua. Gazeti la Der Emes lilifungwa 1938. Agosti 1939 Stalin na Hitler wakatia saini mkataba, Leivick akanuna tena, akajitoa YKUF. Tarehe 12 Agosti 1952 Moscow wakawaua waandishi wa Kiyidishi Peretz Markish, David Bergelson na wenzao. Bergelson alikuwa anatimiza miaka 68 siku hiyohiyo. Markish, huyu ndo alikuwa hapa Paris 1924 wakitoa gazeti la washairi lenye michoro ya Chagall, linaitwa Khalyastre, yaani genge, kijana, anacheka kwenye picha aliyotuonyesha, tai imelegea. Akairudisha kwenye faili, maspika ya ile shughuli yakaanza kujaribiwa, moja mbili, moja mbili.

Sasa nyota ya tano. Moja, masaa, semeni ukweli, wekeni "masaa manne, vaa raba". Mbili, watu 26 ni kosa, kumi na tano mwisho, na kimaikrofoni chenye betri. Tatu, na hii ndo imeniuma zaidi, rue de Paradis namba 14 iko dakika chache kutoka tulikoanzia, ndiko wakomunisti wa Kiyahudi walikokuwa baada ya vita na ndo nyumba ya Naye Prese, na hilo gazeti limeishi mpaka 1993, yaani mimi nimeshazaliwa! Hatukupita. Nikauliza, jibu ni kwamba matembezi yanaishia 1939. Haya, lakini ule ukamataji wa 1942 na mauaji ya 1952 tumeyasikia, kwa hiyo muda unavukwa ukitakiwa. Wale waliobaki wakaendelea kuchapa gazeti kila siku kwa wasomaji wanaozeeka, hiyo nayo ni habari, na ingetuokoa na ule mlima. Kule Argentina tawi la YKUF, wao wanaandika ICUF, liliundwa 1941 na lipo mpaka leo, lina klabu na kambi ya watoto. Ilitajwa kwa sekunde tano tukiwa kwenye ngazi za metro.

Ah na ile habari ya Birobidzhan ilipita haraka mno, lile jimbo la Kiyahudi karibu na mpaka wa China walilolitangaza Wasovieti 1934, Kiyidishi mpaka kwenye vibao. Wamarekani wa chama cha ICOR walikuwa wananunua matrekta kwa michango wanapeleka kule, na 1937 wachoraji 14 wa Chicago walichonga kila mmoja picha yake ya mbao wakazifunga pamoja kama zawadi kwa Birobidzhan. Mama alikuwa na kopi ya moja kwenye faili na tuliipitisha mkono kwa mkono kwenye metro, mistari myeusi minene, imechongwa kwa nguvu. Ningeitazama zaidi ila Ternes ikafika.

Lugha: kama Kifaransa chako ni cha sokoni kama changu, utaelewa, anarudia kwa Kiingereza, usione haya kumwambia punguza kasi. Malipo kadi inakubalika lakini bebeni sarafu, mwisho kuna kapu linapita, na baada ya kusikia kapu limejenga nini huko nyuma utaona aibu kuweka senti. Mimi niliweka tano.

Wiki iliyofuata nikarudi kusukwa, nikamsimulia msusi kuanzia kibao mpaka Wagram, akawa ananivuta nywele kwa utamu wa hadithi. Ya fundi saa alinirudisha mara mbili. Nikamwambia twende wote, wana tarehe nyingine mwezi ujao. "Jumapili? Yaya, Jumapili ndo siku ya feza." Kwa hiyo nyie waandaaji kama mnasoma, wekeni na ya Jumatatu, Jumatatu saluni zina watu wachache, na mkianzia pale kwenye kona ya Château d'Eau mtampata mtu mmoja zaidi bila kumtafuta.